Bustani ya Kihara: Aliyeng'oa Matoka

"Nani aliyeng'oa matoka?"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na nimesikia mlivyonisema. Mwalimu mmoja wa Karatina alilikunja gazeti kwa hasira akamtupia mbuzi. Haya, na amnyang'anye huyo mbuzi upesi, maana nimerudi, na Mzee Ndungu bado amesimama palepale, fimbo yake imeelekea kwenye mashimo.

Aliyechelewa kujiunga nasi asihangaike. Tuko Giakanja, kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba ya Mwingereza ambaye watu wa hapa walimwita Kihara kwa sababu ya upara wake. Nyumba haipo tena. Bustani za mke wake, zilizosifiwa kutoka Nyeri hadi Nanyuki, zimekuwa magugu ya kufika kifuani. Chini ya bustani hizo kuna kipande cha shamba chenye chemchemi isiyokauka, na kipande hicho Wachuka aliachiwa na cucu yake, mama mzaa baba. Ndicho kitu pekee duniani ambacho msichana huyu anaweza kusema ni chake.

Sasa savea, mpima ardhi, amekuja na naibu wa chifu na wazee wa ardhi wakiongozwa na Mzee Ndungu, watu wamejaa kama kwenye mnada, na mpaka kati ya kiwanja cha Kihara na shamba la Wachuka hauonekani.

"Narudia," Mzee Ndungu alisema. "Hapa kulikuwa na laini ya matoka. Maua meupe, yako na mistari ya pinki. Nimeyaona tangu nikivaa kaptura. Nani ameyatoa?"

Wachuka alisogea mbele ya babu huyo.

"Ni mimi, Guka."

"Ngai fafa!" mama mmoja alipiga kelele.

"Wewe? Mwenye shamba?"

"Mimi na jembe yangu. Lakini sikujua ni ya mpaka. Nilidhani ni maua ya bibi ya Kihara."

Msimcheke kabla hamjanisikiliza. Wachuka alilelewa Nanyuki, ambako baba yake alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la ngano. Huko mpaka ni seng'enge, na seng'enge kila mtu anaijua. Akaja kukaa Giakanja akiwa mtu mzima, baba akiwa ameshazikwa, na mambo ya wazee wa Tetu, eneo letu hili, hakuna aliyemketisha akamfundisha.

Mtu wa hapa, hata akiwa amelewa chakari, haling'oi itoka. Wazee hulipanda mbele ya mashahidi pale shamba la mtu linapoishia na la mwingine kuanza. Jua likiwaka halifi. Ukilikata linachipuka. Anayeling'oa amefuta neno la wazee, na laana ya kufuta mpaka watu wanaitaja kwa sauti ya chini.

Wachuka alikuwa ameufuta mpaka wake mwenyewe, kwa mikono yake miwili, huku anaimba.

"Lakini ramani si iko?" aliuliza.

Savea alivua miwani akaifuta. "Madam, ramani inasema tu kuna mpaka. Mahali ulipo, ni yale maua. Kama maua haiko, sheria inauliza majirani. Mashimo mtu yeyote anaweza kuchimba."

Na jirani alikuwepo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amesimama karibu na gari lake, simu mkononi. Huyo ndiye Theuri. Baba yake Theuri alinunua kiwanja cha Kihara, na Theuri anataka kuiinua tena ile nyumba ya Kizungu, iwe hoteli ya watalii, na bustani zirudi zilivyokuwa.

Theuri huyo huyo ni mchumba wa Wachuka.

Wachuka alimgeukia kwa matumaini. Masikini!

"Theuri, si uwaambie? Waambie wewe ndio ulinituma."

"Nilikutuma wapi, mpenzi?"

"Kuhamisha hayo maua! Ulisema bibi ya Kihara aliyapanda yakizunguka bwawa. Ukasema tuyarudishe huko tufanyie harusi hapo."

Theuri alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Mimi nilikuambia ufyeke magugu. Mpaka wa watu ningeugusa aje, na mimi ni mtu wa Tetu? Wazee, mnisamehe. Huyu msichana amekuwa na mawazo mengi."

Ati mawazo mengi! Ningekuwa pale ningemrushia kiatu.

Mwezi wa nne Theuri huyu alileta wazee wake nyumbani kwa kina Wachuka wakapanda ithigi, lile tawi la kuwaambia vijana wengine kwamba msichana ameshachumbiwa. Watu wakanywa, wakaimba, wakala mbuzi. Mwezi wa tano, mvua ikiwa imelainisha udongo, akamwonyesha maua akamwambia ayahamishe hadi bwawani. Alipanda kwa mchumba wake, kisha akamtuma mchumba akang'oe.

Wachuka alichimba wiki nzima. Theuri alikuwa akipita jioni, anampangusa tope shavuni, anamwita mke wangu. Mama yake Wachuka naye alikuwa akimletea chai ya thamosi, anakaa kwenye jiwe na shuka lake, anamtazama binti yake akifanya kazi.

Kiini cha haya yote ni maji. Bwawa la Kihara limekauka tangu zamani. Hoteli ya vyumba arobaini haioshwi kwa maji ya umande. Chemchemi iko chini, upande wa Wachuka, na Wachuka alishasema mara mbili kwamba hauzi. Mpaka ukishuka kidogo tu, chemchemi inaamkia kwa Theuri.

Mambo haya yalimpanda Wachuka kichwani kwa mara moja, palepale mbele ya watu.

"Uliniambia umeona kwa picha," alisema. "Uliniambia Pinal alikuonyesha picha ya zamani, na matoka yanazunguka bwawa."

"Basi kamuulize Pinal," Theuri akajibu.

Jina hilo lilimchoma Wachuka kuliko yote. Pinal ni rafiki yake wa tangu sekondari, walilala kitanda cha juu na cha chini miaka minne. Familia yao iko na duka la vitambaa Nyeri mjini. Babu yake, Jagdish, alikuwa mpiga picha, na Wazungu wote wa mlima huu walimwita kuwapiga picha na waridi zao na mbwa wao. Ikiwa Pinal naye alikuwa kwenye njama, basi hapakuwa na mtu wa kumlilia.

Na kama mlidhani leo nitawapumzisha, pikapu ya duka ikaingia kwa kasi, nusura imgonge naibu wa chifu.

Pinal alishuka amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa.

"Hata wewe?" Wachuka alimfokea. "Hata wewe, Pinal?"

"Hata mimi nini? Aki umeanza kunipigia kelele kabla sijafunga mlango?"

"Ulimwonyesha Theuri picha ya matoka kwa bwawa!"

"Nilimwonyesha picha, ndio. Alikuja dukani, akakunywa chai ya mama, akaomba aone picha za Kihara. Nikampa. Akaangalia hii moja sana, halafu akaniuliza kama naweza kumuuzia." Pinal alimtazama Theuri juu hadi chini. "Nikasema ya babu haiuzwi. Jana nimesikia kwa sokoni ati kuna savea. Nikajiuliza, picha ya bustani, ilikuwa inamuuma nini? Nimeileta mjionee."

Akakivuta kile kitambaa.

Ilikuwa picha kubwa ya kijivu, kwenye fremu ya mbao. Watu walisukumana. Pale juu ilionekana nyumba ya Kihara, nzima, na mabomba yake manne ya moshi, kana kwamba mwenyewe alisahau kwamba amejenga Tetu. Mbele yake ngazi za mawe, halafu bwawa. Na kuzunguka bwawa, waridi. Waridi tupu, zimejazana.

Matoka yalikuwa mbali kule chini, nje ya ukuta wa bustani, yamesimama mstari mmoja ulionyooka hadi mwisho wa picha.

"Yako wapi matoka ya bwawa, Theuri?" Pinal aliuliza. "Nionyeshe na kidole."

Theuri akaanza kuisoma simu yake.

Wachuka alimkumbatia Pinal akamwomba msamaha mara tatu. Watu walipiga makofi. Mzee Ndungu aliishika fremu kwa mikono miwili, akacheka hadi akaonyesha mapengo.

"Huyu ndiye Kihara! Angalieni hiki kichwa, jua linateleza!" Kisha akakaza uso. "Sikilizeni, nyinyi vijana. Huyu Mzungu alichukua mlima huu wote. Akachukua malisho. Mbuzi wetu wakipita anawafunga. Trekta yake kila mwaka ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka babu ya baba ya huyu msichana akaita wazee, wakapanda matoka, wakachinja. Kihara akaja na bunduki, akauliza ni nini hii. Akaambiwa. Akaangalia, akaangalia, akarudi kwake. Toka siku hiyo trekta haikuvuka. Mzungu aliogopa hayo maua. Huyu kijana wetu, aliyepanda ithigi kwa hiyo nyumba, hakuogopa."

Theuri aliangalia kando. Wachuka alianza kulia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyeponea. Alidhani imekwisha. Hata mimi nilidhani imekwisha.

Savea akaikaribia picha.

"Picha ni mzuri," akasema. "Naona laini. Inaanzia hapa, kwa kona ya ukuta. Sasa, ukuta uko wapi nianze kupima?"

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Kusema ukweli," alianza mama mmoja, "mawe kidogo iko kwangu. Ni ya jikoni tu."

"Kidogo! Zizi lako lote ni Kihara!" akajibiwa.

"Na wewe, ng'ombe zako si zinakunywa maji kwa bafu ya Mzungu?"

"Mlango wake wa mbele uko kwa bucha, usitufanye wajinga."

Savea akainua mkono. "Kona. Mimi nauliza kona peke yake."

Mzee Ndungu alikohoa. Akakohoa tena.

"Kona iko kwangu," akasema. "Ni ngazi ya mlango. Nilibeba mwenyewe."

Sasa mnajua nyumba ya Kihara ilienda wapi. Wengine huwaambia wageni kwamba iliungua wakati wa Hali ya Hatari. Uongo! Kihara alifunga masanduku akaenda zake, nyumba ikawa stoo ya chama cha kahawa, kisha ikawa haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe Giakanja hakilali nje. Walianza na mabati. Wakaja kwa mbao za sakafu. Wakamaliza na mawe, na kila mmoja alikuwa mtu mwema anayeenda kanisani. Waridi zilifuata, zikapandwa makaburini. Leo huwezi kujua hata sebule ilikuwa upande gani.

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana waliuona ubaya wake. Mstari upo kwenye picha, lakini mahali unapoanzia pameliwa na wao wenyewe.

"Mnaona?" Theuri alisema, na ile sauti yake laini ikarudi. "Mimi sina neno na mtu. Kama kuna aliyeonyeshwa mpaka na wenyewe, aseme. Nitakubali chochote."

Hakusema kama mtu anayekisia. Ningekuwa Wachuka ningelishika neno hilo, lakini moyo wa mtu aliyetoka kuponea hausikii vizuri.

"Yuko mmoja," Mzee Ndungu alisema. "Kwetu bibi arusi akiletwa, mama mkwe anamtembeza kwa mpaka, asije akalima kwa watu. Nyaguthii alitembezwa."

Macho yote yakageuka.

Nyaguthii, mama yake Wachuka, alikuwa nyuma ya umati, shuka mabegani, na kando yake Gikonyo, mwanawe wa kiume, kaka yake Wachuka. Asubuhi yote mama huyu hakuwa amesema neno.

Wachuka alimkimbilia kama mtoto aliyepotea sokoni. "Mami! Wewe unajua! Cucu alikutembeza! Waonyeshe tu, Mami, tuende nyumbani."

Nyaguthii alimshika shavu. Kisha akavua viatu, akavikabidhi kwa Gikonyo, akaanza kutembea.

Alianza vizuri. Alipita chini ya bwawa kavu, akapita penye mashimo ambayo Wachuka aliyachimba, na Wachuka alikuwa anatikisa kichwa kwa kila hatua, ndiyo, ndiyo, hapo hapo. Wazee walifuata polepole, maana mteremko ule si wa magoti ya wazee.

Penye mashimo ya mwisho, mengine yakiwa yamezibwa na mvua, mama alitakiwa kunyooka, apite juu ya chemchemi.

Hakunyooka. Alikata kushoto, akashuka.

"Mami, umepotea," Wachuka alisema. "Chemchemi iko juu yako."

Mama aliendelea kushuka.

"Mami!"

"Sijapotea," Nyaguthii alisema bila kugeuka.

Alipita migomba, akapita mahali ambapo Wachuka alikuwa amepanda viazi, akasimama karibu na kahawa. Hapo ardhi ilikuwa imechimbwa. Mashimo mapya, udongo bado mbichi, yamepangwa mstari mmoja hadi kwenye njia. Kando yake kulikuwa na magunia mawili, na ndani ya magunia matoka, yale Wachuka aliyokuwa ameyapanda bwawani, sasa yameng'olewa tena, yamelowekwa maji yasinyauke.

Gambuti za Gikonyo, buti zake za mpira, zilikuwa na udongo ule ule.

Wachuka alisimama. Alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake. Wazee walikuwa bado juu, wanashikana mikono wasiteleze, kwa hivyo maneno haya hawakuyasikia. Nyinyi ndio mtayasikia.

"Mami, ulijua ni ya mpaka?"

"Nilijua."

"Ulikaa kwa jiwe ukiniangalia nikitoa. Ukanipatia chai."

"Ulikuwa na kiu," Nyaguthii alisema.

"Theuri amekulazimisha? Niambie amekulazimisha."

Hapo Gikonyo akatema mate chini. "Alazimishwe na nani? Mami ndiye alienda kwa Theuri."

Wachuka alikuwa amejiandaa kuchukia mwanamume, na hilo mwanamke analiweza. Lakini mama?

"Cucu yako alikosea," Nyaguthii alisema haraka haraka, akitazama juu kuwaona wazee wamefika wapi. "Alikuwa mzee, alikupenda, akakosea. Msichana anaolewa. Shamba linaenda naye kwa watu. Gikonyo ataachiwa nini?"

"Gikonyo yuko na shamba yote ya baba! Yote! Mimi niko na hii peke yake!"

"Ya baba haina maji. Theuri amesema akipata maji, Gikonyo atakuwa meneja wa hoteli. Na wewe si utakuwa bibi ya Theuri? Maji ni yale yale utakunywa. Nilidhani hautahisi kitu."

"Nilidhani hautahisi," Wachuka alirudia.

"Usinitazame hivyo. Mimi ni mama yenu wote wawili."

"Leo si mama yetu wote wawili, Mami."

Wazee wakafika, wakitweta. Theuri alikuja nyuma yao, akasimama mbali kidogo, safi kama mtu aliyekuja kwenye ubatizo. Pinal alimkaribia rafiki yake akauona uso wake. Alimshika mkono.

Mzee Ndungu aliyatazama mashimo mapya muda mrefu. Mzee yule si mjinga. Lakini mzee wa ardhi hahukumu kwa macho yake, anahukumu kwa shahidi.

"Nyaguthii. Mpaka ni hapa?"

"Ni hapa."

"Ndivyo ulivyoonyeshwa na mama mkwe wako?"

"Ndivyo."

Mzee aliinua sauti ili kila mtu asikie. "Shahidi amesema. Kama hakuna wa kupinga, matoka yarudi ardhini hapa, na savea aandike, na neno liishe. Kama kuna wa kupinga, shahidi atakula kiapo kwanza. Na kiapo cha mpaka kwa huu mgongo wetu wa mlima mnakijua. Kikiwa cha uongo, hakimmalizi aliyekila peke yake. Kinaingia nyumbani kwake, kinaanza na wadogo."

Naibu wa chifu alijikuna shingo. "Mimi ni mtu wa serikali, na tena ni shemasi," akasema. "Mambo ya kiapo sijayaona." Akageuka akautazama mlima.

Sasa mama na binti walitazamana.

Nyaguthii hakuwa na hofu. Hiyo ndiyo iliyomuua Wachuka. Mama yake alikuwa anamtazama kwa utulivu, kwa sababu alimjua mtoto wake. Alijua huyu ndiye aliyemwuguza, aliyelala sakafuni hospitalini, aliyehama kutoka Nanyuki ili mama asikae peke yake. Msichana kama huyo hawezi kumwacha mama yake ale kiapo cha uongo. Atanyamaza, shamba liende. Mpango wote wa Nyaguthii ulikuwa umejengwa juu ya upendo huo.

"Wachuka," Gikonyo alinong'ona. "Usijaribu. Utaua mami."

"Kuna wa kupinga?" Mzee Ndungu aliuliza.

Pinal aliubana mkono wake. Theuri alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mimi," Wachuka alisema.

Tabasamu la Theuri likaganda.

"Sema vizuri, msichana. Unapinga nini?"

"Napinga hayo mashimo. Mpaka wangu unapita juu ya chemchemi. Cucu alinipa yote." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Kama Mami anasema ni hapa, ale kiapo."

Umati uliguna. Mama mmoja alianza kuomba kwa sauti. Nyaguthii hakulitarajia hilo. Alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kumwona. Kisha kiburi kikampanda, kile cha wanawake wa Tetu ambacho hata Kihara hakukiweza, akalivuta shuka lake akalifunga kifuani.

"Kileteni," akasema.

"Mami!" Wachuka alilia.

"Umetaka nile. Nitakula."

Mtu alitumwa nyumbani kwa Mzee Ndungu, akarudi na kondoo dume mweusi anayevutwa kwa kamba. Watu walirudi nyuma wakaacha duara. Savea alikunja ramani zake akaziweka ndani ya koti, kama mtu anayetaka kwenda nyumbani.

"Kiapo hiki hakiliwi na mtu mmoja," Mzee Ndungu alisema. "Shahidi anaweka mkono juu ya kondoo, na mtoto wake, maana laana huanza na wadogo, anamshika kondoo kwa kamba. Wote wawili waingie. Nyaguthii, mwite mtoto wako."

"Gikonyo," Nyaguthii aliita, bila hata kugeuka. "Kuja ushike."

Akanyoosha mkono nyuma kumwita.

"Gikonyo?"

Aligeuka. Watu wote waligeuka. Viatu vya mama vilikuwa chini kwenye nyasi, kimoja kimelala ubavu. Kule juu, gambuti zilikuwa zinapanda mteremko mbio, zinateleza, zinapanda tena, zinaelekea kwenye gari la Theuri. Theuri mwenyewe alikuwa ameshafika, anatafuta funguo mfukoni.

Mlango wa gari ulifungwa, halafu wa pili. Injini ikanguruma.

Nyaguthii alibaki katikati ya duara, peku, mkono mmoja bado umenyooka kumwita mwanawe. Alilitazama gari mpaka likapita kona. Sijawahi kusikia mtu aliyezeeka haraka hivyo, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Angeweza kusema hapo. Neno moja tu, nimedanganya, na yote yangeisha, na nadhani hata wazee walikuwa wanamwomba moyoni alitamke. Lakini akilitamka amemtaja Gikonyo mwongo na mwizi mbele ya watu wa mgongo mzima, na hilo, hata sasa, hata baada ya zile gambuti, hakuwa tayari kulifanya.

Taratibu akauweka mkono juu ya mgongo wa kondoo. Kisha akamtafuta Wachuka kwa macho.

"Wewe pia ni mtoto wangu," akasema. "Basi nishikie wewe."

Mzee Ndungu hakumzuia. Alimwendea Wachuka, akampa kamba.